Wageni Waje, Sufuria Itatosha

Safari hii tungependa tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mwenye nyumba analijua, lakini siku hizi wengi wetu tunalikwepa: kuwaalika marafiki waje nyumbani, tule nao na kufurahi pamoja.

Mkikutana sokoni au nje ya kanisa baada ya ibada, maneno huwa ni yale yale. "Jamani, mmepotea!" "Tupo, mama, ni shughuli tu. Lazima siku moja mje nyumbani." Siku hiyo moja haifiki. Mwaka unakwisha, watoto wanakua bila kufahamiana, na siku mnapokutana tena ni msibani. Hapo ndipo mnapokula pamoja, wali na maharage katika sahani za kuazima, na kila mmoja anasema moyoni mwake kwamba ingefaa mngekula pamoja mapema zaidi, wakati yule mnayemlilia angali anakula.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi tujiulize, kwa nini mwenyeji wa leo akisikia mgeni anakuja huona kama anaugua?

KWA NINI TUMEFUNGA MILANGO

Si uchoyo. Waulize akina mama nao watakujibu mambo mawili: fedha hakuna, na kuchoka kumezidi. Tukiyatazama vizuri mambo haya mawili tutaona yana mzizi mmoja. Tumeufanya ugeni wa kawaida kuwa shughuli.

Shughuli tunazijua. Ina kamati, ina kadi za mchango, ina sare za kitenge, ina ukumbi, mpambaji na mshereheshaji. Hatusemi ni mbaya. Harusi ni harusi. Lakini kipimo kile cha ukumbini tumekileta sebuleni kwetu. Sasa mtu akitaka kumwita rafiki yake Jumapili mchana, anaona lazima pawe na pilau, kuku, kachumbari, matunda ya aina tatu na kreti la soda. Asipokuwa navyo anaona haya, anaahirisha. Akiwa navyo, anapika tangu alfajiri, na wageni wanapoondoka hana nguvu hata ya kuwasindikiza.

Hapo zamani haikuwa hivyo. Wasomaji wetu watu wazima wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wakati sukari, sabuni, unga na hata khanga vilipoadimika Tanzania na watu wakapanga foleni. Hata miaka ile watu walitembeleana. Mgeni alikuja na fungu la ndizi, au kilo ya sukari kama ameipata, na alikula alichokikuta. Hakuna aliyehesabu vipande vya nyama.

YALIYOTOKEA KATIKA MTAA MMOJA

Tunazifahamu familia tano za mtaa mmoja mjini Morogoro ambazo zilikubaliana kukaribishana mara moja kwa mwezi, kila nyumba kwa zamu yake. Wazo lilikuwa zuri, na walianza vizuri. Mwezi wa kwanza walikula ndizi na maharage. Mwezi wa pili mwenye nyumba aliongeza kuku. Mwezi wa tatu ikawa pilau, na soda kwa kila mtoto. Mwezi wa nne akachinjwa mbuzi. Ikabaki nyumba ya tano.

Mama wa nyumba ile akaanza kukosekana. Mara ana mafua, mara amesafiri kwenda kumwona mama mkwe, mara simu inaita haipokelewi. Wenzake wakaanza kunong'ona: "Amekula kwetu kote, sasa zamu yake imefika anajificha." Maneno hayo yalizunguka mtaani kwa wiki mbili.

Mmoja wao, mtu mzima kuliko wote, hakupenda maneno hayo. Jioni moja alifunga kilo ya sukari katika upindo wa khanga akaenda kupiga hodi. Alimkuta mwenzake amekaa barazani anachambua mchicha. Hakumwuliza habari za zamu. Walizungumza juu ya mvua, juu ya watoto, juu ya bei ya mkaa, mpaka giza likaanza kuingia. Ndipo yule mama akasema, "Dada, baba watoto amepunguzwa kazini, huu ni mwezi wa tatu. Tunakula mara mbili kwa siku. Sasa nikiwaita watu ishirini hapa, nitawapa nini baada ya mbuzi?"

Yule dada akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mdogo wangu, leo mmepika nini?"

"Makande."

"Basi Jumamosi tutakula makande. Mimi nitaleta nazi."

Jumamosi ile walikuja wote. Mmoja alileta maharage, mwingine karoti na vitunguu kutoka bustanini kwake, mwingine ndoo ya maembe. Sufuria ilitosha, na watoto walirudia. Lakini jambo kubwa lilitokea nje, kwenye mkeka walikokaa wanaume. Yule baba aliyekuwa amepunguzwa kazi, ambaye hata kaka zake hakuwaambia, alisema mwenyewe yaliyompata. Hatutawadanganya wasomaji wetu kwamba kesho yake alipata kazi. Hakupata. Alifanya vibarua kwa muda mrefu. Ila tangu siku ile, nauli ya mtoto kurudi shule ya bweni ilipokosekana, kulikuwa na watu wa kuambiwa, na kibarua kilipopatikana mahali, kulikuwa na mtu wa kumkumbuka.

Hilo ndilo tunalotaka tulitafakari mwezi huu. Mlo wa marafiki unaopanda bei kila mwezi hufika mahali unamfungia mtu nje, na mara nyingi huyo anayefungiwa nje ndiye aliyehitaji zaidi kuwa ndani. Mlo mdogo wa mara kwa mara, ambao kila nyumba inaumudu, unashinda karamu kubwa ya mara moja kwa mwaka.

MAPATANO YANAYOSAIDIA

Zile familia tano zilikaa na kupanga upya. Mapatano yao ni mepesi, nasi tumeona tuwaletee, kwani yanafaa kwa majirani, kwa jumuiya ndogo ndogo, kwa wafanyakazi wa ofisi moja, na hata kwa ndugu wanaoishi mji mmoja.

Kwanza, siku ijulikane. Wao wamechagua Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa saba mchana. Siku isiyojulikana haiji.

Pili, chakula kiwe kile ambacho nyumba ile hula siku zote, kilichoongezwa maji tu, kama tusemavyo. Chungu kimoja na mboga mbili kinatosha. Nyama si lazima, na anayetaka kupika nyama asipike zaidi ya chakula cha aina moja.

Tatu, hakuna anayekuja mikono mitupu wala anayekuja na zawadi ya kuwaaibisha wengine. Mgeni analeta kitu kimoja cha jikoni: nazi, matunda, mkaa, fungu la mchicha. Asiyekuwa nacho analeta mikono yake, anamenya vitunguu.

Nne, vyombo vinaoshwa kabla ya watu kuondoka, na wanaoosha ni wageni. Vijana wa kiume wamo. Mtoto wa kiume aliyezoea kuosha sufuria za watu ishirini hatamwacha mke wake peke yake jikoni siku za usoni.

Tano, asiyefika anafuatwa. Hafuatwi kudaiwa zamu. Anafuatwa kujuliwa hali.

MAMA NAYE AKAE

Katika nyumba nyingi mama anakuwa mgeni wa mwisho wa karamu yake mwenyewe. Watu wanakula, yeye anachungulia kama mchuzi umepungua. Watu wanacheka, yeye anasikia vicheko kutoka jikoni na kuuliza, "Kuna nini huko?" Wanapokwisha kula, anakula yaliyobaki akiwa amesimama. Wengi mnakikumbuka kisa cha Martha na Maria katika Injili ya Luka, sura ya 10. Sisi tunaona Martha alikuwa na haki ya kuchoka. Mtu aliyempenda alimtaka naye akae, asikilize.

Ili mama akae, lazima chakula kiwe cha aina inayomruhusu kukaa. Chapati za kupika moja moja wakati wageni wamefika zitamfunga jikoni. Samaki wa kukaanga vilevile. Lakini makande, maharage ya nazi, mtori, ndizi za kuchanganya na nyama, viazi vya nazi, vyote hivi vinaweza kuwa tayari kabla ya hodi ya kwanza, na vikikaa kidogo kwenye moto mdogo vinazidi kuwa vitamu.

Baba naye ana kazi. Kukuna nazi juu ya mbuzi hakuhitaji ujuzi wa miaka mingi. Kupanga viti, kutandika mikeka kivulini, kuwanawisha wageni, haya ni mambo yanayompa baba heshima mbele ya watoto wake. Na kuna jambo moja tunawaomba akina baba kwa upole: usiwaalike watu bila kumwambia mama. Kumwambia siku mbili kabla ni upendo. Kumwambia wakati gari linaegeshwa uani ni adhabu.

Tusimsahau pia msichana wa kazi. Kama siku ya wageni yeye ndiye anayeanza kuamka na wa mwisho kulala, na anakula makombo, basi watoto wetu wanajifunza kwamba ukarimu ni wa watu wenye viatu vizuri. Apakuliwe pamoja na wengine, akae mkekani pamoja na wengine, na apate muda wa kupumzika kesho yake.

MAPISHI YA MWEZI: MAKANDE YA NAZI KWA WATU 12

Kande, au makande kama wengi wasemavyo, ni chakula kinachojulikana sana katika Upare na Uchagani, na siku hizi kimeenea kote. Mahindi na maharage yakiliwa pamoja hukamilishana katika kujenga mwili, na kwa hiyo makande ni mlo wenye nguvu hata bila nyama.

Mahitaji:

Mahindi meupe yaliyokobolewa, kilo 1
Maharage, nusu kilo
Nazi kubwa 2
Vitunguu maji vikubwa 3
Nyanya zilizoiva 4
Karoti 3
Pilipili hoho 2
Mafuta ya kupikia, vijiko vikubwa 3
Chumvi kiasi

Namna ya kutayarisha:

1. Usiku wa kuamkia siku ya wageni, chagua mahindi na maharage, toa mawe na takataka. Osha, kisha loweka katika maji mengi, kila kimoja katika chombo chake.

2. Asubuhi mwaga maji ya kulowekea. Weka mahindi na maharage katika sufuria kubwa, tia maji yapite juu kiasi cha vidole vinne. Bandika motoni.

3. Acha yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 za mwanzo. Usiiruke hatua hii, kwa kuwa maharage, hasa yale mekundu, yakiwa mabichi yana sumu inayovuruga tumbo, na moto mkali wa mwanzo ndio unaoiondoa. Kisha punguza moto, funika, uache yaive polepole kwa saa 2 hadi 3. Maji yakipungua, ongeza ya moto. Wapo wanaotia magadi ili yaive upesi, lakini magadi hupunguza vitamini, na kuloweka usiku kucha kunasaidia vya kutosha.

4. Wakati huo kuna nazi. Kamua tui zito, uliweke kando. Ongeza maji, ukamue tui jepesi.

5. Mahindi na maharage yakilainika, kaanga vitunguu katika mafuta mpaka vigeuke rangi, tia nyanya, karoti na hoho. Zikilainika, mimina katika sufuria ya makande pamoja na tui jepesi na chumvi. Acha yachemke dakika 15.

6. Mwisho tia tui zito. Koroga taratibu juu ya moto mdogo kwa dakika 10, tui lisikatike. Epua.

Pakua na mchicha uliokaangwa, au kachumbari ya nyanya na vitunguu vilivyooshwa kwa chumvi na kukamuliwa ndimu. Pilipili ikae katika kibakuli chake, kwa sababu ya watoto na wazee.

KINYWAJI CHA UKWAJU

Badala ya kreti la soda, chukua ukwaju robo kilo, maji lita 3, kipande cha tangawizi kilichopondwa, na kikombe 1 cha sukari. Chemsha ukwaju na tangawizi katika maji kwa dakika 10, uache upoe, upekeche kwa mkono safi au mwiko ili kokwa ziachane, kisha uchuje. Toa kwanza jagi moja kabla ya kutia sukari, uliweke pembeni. Siku hizi karibu kila kundi la marafiki lina mtu mwenye kisukari, na kumtengea kinywaji chake bila kumtangaza ni adabu. Ndivyo pia kwa chumvi: tia kidogo, mwenye kutaka zaidi ajiongezee, kwa ajili ya wale wenye shinikizo la damu.

VIPIMO VYA KUKUMBUKA

Wasiwasi wa chakula kupungua ndio unaofanya tupike kupita kiasi na kutupa. Vipimo hivi ni vya makadirio, kwa watu wazima wenye njaa ya kawaida. Kilo 1 ya mchele hutosha watu 8 hadi 10. Kilo 1 ya unga wa ugali hutosha watu 5 hadi 6. Kilo 1 ya maharage makavu, yakiliwa kama mboga, hutosha watu 10 hadi 12. Kilo 1 ya unga wa ngano hutoa chapati 12 hadi 15 za kiasi. Watoto wawili wadogo wahesabu kama mtu mzima mmoja. Vijana wa miaka kumi na sita wahesabu kama watu wazima wawili!

KIPORO NA VIFURUSHI

Mgeni wetu haondoki mikono mitupu, na hiyo ni desturi nzuri. Lakini tuwe waangalifu. Wali uliopikwa ukikaa nje kwa saa nyingi unaweza kuleta ugonjwa wa tumbo, kwani kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukipoa polepole katika sufuria kubwa lililofunikwa, mbegu hizo huamka na kuzaana, na sumu yao huweza kubaki hata ukipasha moto tena. Kwa hiyo, chakula kinachobaki kisikae nje zaidi ya saa 2. Kitandazwe katika vyombo vipana kipoe upesi, kiwekwe katika jokofu, na kinapoliwa kipashwe moto mpaka kifuke mvuke katikati. Pasipo na jokofu, ni heri kukigawa na kukila mapema.

Wageni waje na vyombo vyao vya kubebea. Zamani tulizoea kufungia chakula katika mifuko laini, lakini Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu Juni 1, 2019, na Kenya ilitangulia mwezi Agosti 2017. Bakuli lenye kifuniko ni safi zaidi, na lina faida nyingine: lazima lirudishwe, na anayelirudisha lazima apige hodi.

Kuhusu kunawa, mwagieni watu maji kwa birika juu ya beseni, na sabuni iwepo. Beseni moja la maji ambalo kila mtu anachovya mkono linawapa wa mwisho uchafu wa wa kwanza.

BAADA YA KULA

Watu wakishiba, kuna hatari mbili: televisheni na simu. Wenye nyumba wenye busara huzima televisheni kabla ya wageni kufika, wala hawatangazi. Za mikononi ni ngumu zaidi, lakini kikapu kidogo mezani, baba akitangulia kuweka simu yake ndani, hufanya kazi kuliko hotuba.

Kisha kuna michezo. Watu wazima wana bao na karata. Watoto wana kombolela, rede na mdako, na kama wameisahau, hiyo ndiyo nafasi ya akina mama kuwaonyesha. Tumewahi kuona bibi mmoja akiinuka mkekani kucheza rede na wajukuu, na akina mama wote wakamfuata. Siku ile hakuna aliyekumbuka kama nyama ilikuwapo.

Jioni inapoingia, vitendawili. Mmoja anasema "Kitendawili!", wote wanaitika "Tega!", na asiyeweza kutegua anatoa mji. Jambo la kupendeza katika vitendawili ni kwamba mtoto wa darasa la pili anaweza kumshinda mwalimu mkuu. Watoto walioanza siku wakiwa wamejificha nyuma ya gauni za mama zao wanamaliza siku wakibishana kwa sauti. Hapo ndipo wanapojifunza kusema mbele za watu, na kushindwa bila kununa.

Na wape wazee nafasi ya kusimulia. Muulize babu alivyomchumbia bibi, au muulize bibi kile ambacho babu hakisemi. Watoto wetu wengi wanajua habari za wachezaji wa mpira wa Uingereza kuliko habari za nyumba walimotoka.

MGENI WA GHAFLA

Kabla hatujamaliza, neno juu ya yule anayekuja bila taarifa. Huyu ndiye anayetutia hofu, na pengine ndiye mwenye haja kubwa, kwani mtu mwenye shida haandiki miadi. Usikimbilie dukani ukamwacha amekaa peke yake na watoto. Bandika chai. Nyumba yenye karanga kavu, viazi vitamu au mihogo haikosi cha kumpa mgeni. Karanga zichaguliwe vema, na zenye ukungu au zilizosinyaa zitupwe, kwani sumukuvu haiondoki kwa kukaanga. Mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kisha keti naye. Mara nyingi alichokifuata kinatajwa katika kikombe cha pili.

Basi, wapenzi wasomaji, tungewaomba mwezi huu mfanye jambo moja dogo. Fikirini nyumba moja ambayo hamjaiona kwa miezi mingi, hasa ile iliyokuwa ikija na sasa haiji. Chagueni Jumamosi. Lowekeni mahindi Ijumaa usiku. Na kama mnahisi huko kuna shida, msingoje waje. Chukueni nazi mbili, mwende nyinyi.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumzia vitafunio vya chai vya gharama nafuu: vitumbua, mandazi na mkate wa kumimina. Wale wenye mapishi ya nyumbani kwao wasisite kutuletea. Hadi hapo, tunawatakia jikoni salama na meza yenye watu.